Njia ya Akiba Nayo Ipitike

Mazungumzo kwa mafundi wa TEHAMA, Tabora Mjini

Mwenyekiti wa kikao, ndugu zangu mafundi wa halmashauri, wa hospitali, wa vyuo na wa vyama vya ushirika: mwangaluka. Wapo kati yenu walioamka alfajiri kuwahi basi la Kaliua, la Sikonge na la Igunga, na wapo waliomwachia kijana wa mafunzo kwa vitendo chumba kizima cha seva mpaka jioni. Nitakwenda moja kwa moja kwenye kilichonileta.

Siku hizi ofisi nyingi zina visawazisha mzigo viwili, vinavyoishi kama mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu, ndani ya seva mbili tofauti. Kimoja kiko zamu, cha pili ni akiba. Viliwekwa viwili ili kimoja kikianguka, mama aliye dirishani na mtoto mwenye homa asiambiwe arudi kesho kwa sababu mtandao uko chini. Lakini kinachoangaliwa kila siku ni kile cha zamu. Njia ya cha akiba haijawahi kupitiwa na ombi hata moja la mwananchi, na siku inapohitajika haipitiki. Kwa niliyoyaona katika kazi hii, kinachoiziba ni nadra kuwa programu yenyewe ya kusawazisha mzigo. Ni VLAN, yaani mtandao mmojawapo kati ya ile inayotenganishwa kwa lebo, iliyosahauliwa kwenye tranki, yaani waya unaoibeba mitandao hiyo kwa pamoja. Hilo ndilo nimekuja kulisema, na ningependa mtu asiondoke hapa bila kujua namna ya kulikagua kwake.

Tuanzie chini kidogo, kwa ajili ya wale wanaoanza kazi mwaka huu. Kisawazisha mzigo kinasimama mbele ya seva mbili au zaidi, kinapokea maombi ya watu kwenye anwani moja ya IP, kisha kinayagawa kwa seva zilizo hai. Wengi wetu tunatumia HAProxy, programu huria ambayo Willy Tarreau wa Ufaransa aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, na pembeni yake tunaweka Keepalived ili vifaa viwili vibadilishane zamu. Wengine wana visawazisha mzigo vya kampuni ya F5. Kwa mazungumzo ya leo tofauti ni ndogo, kwa sababu vyote vinapoingizwa ndani ya mashine pepe vinategemea kitu kilekile: seva ya chuma inayovikaribisha, nitakayoiita mwenyeji, na njia ambayo mwenyeji huyo anampa mgeni wake, yaani mashine pepe iliyo ndani yake, ya kutokea nje.

Njia hiyo ni VLAN. Kiwango cha IEEE 802.1Q, kilichotoka mwaka 1998, kinachomeka baiti 4 katikati ya fremu ya Ethernet, yaani kifurushi cha data kinachosafiri kwenye waya, mara tu baada ya anwani ya MAC, namba ya kadi ya mtandao, ya anayetuma. Baiti 2 za mwanzo ni alama ya utambulisho, 0x8100. Katika biti 16 zinazobaki, 3 ni za kipaumbele, 1 inasema fremu hii inaweza kutupwa msongamano ukizidi, na 12 ndizo namba yenyewe ya VLAN. Biti 12 zinatoa namba 4096. 0 na 4095 zimehifadhiwa, tunabaki na 1 hadi 4094. Fremu inakua kutoka baiti 1518 hadi 1522. Ni lebo ndogo sana, lakini ndiyo inayotenganisha taarifa za wagonjwa na simu za wageni walioko sebuleni wanaotumia waifai.

Tabora tuna bahati ya kuielewa tranki kuliko watu wa mikoa mingine. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Aliyekulia mjini hapa anajua treni ya kutoka Dar es Salaam ikiingia stesheni kinachofuata: mabehewa ya Mwanza na ya Kigoma yamekuja yamefungwa pamoja, kwenye reli moja, na hapa ndipo yanapotenganishwa, kila moja kwa maandishi ya linakokwenda. Tranki ni hiyo reli ya pamoja. Waya mmoja kati ya swichi na seva unabeba VLAN 10, 20, 30 na 40, na kila fremu ina lebo yake. Fremu isiyo na lebo haitupwi. Inaingizwa kwenye VLAN asili ya poti hiyo, ambayo kwenye swichi nyingi ni VLAN 1 kama hujaigusa.

Sasa niwaeleze niliyoyaona kwa karibu.

Kuna taasisi moja katika kanda hii ya magharibi, sitaitaja, iliyopangilia mambo yake vizuri kabisa. Wenyeji wawili, swichi mbili, UPS iliyokuwa nzima. VLAN 10 ilikuwa ya usimamizi, VLAN 20 ya mbele ambako maombi yanaingia, VLAN 30 ya seva za nyuma, VLAN 40 ya hifadhidata. Visawazisha mzigo viwili vilikuwa vikisikilizana kwa VRRP, protokali ya kupokezana zamu, kwenye VLAN 20. Jumamosi moja mafundi walimzima mwenyeji wa kwanza ili kupuliza vumbi na kuongeza kumbukumbu. Walijua wa pili atachukua zamu. Na kweli alichukua; anwani ya pamoja ilihamia kwake katika muda usiozidi sekunde 4, kama ilivyoandikwa. Pingi, vile vipimo vya kuona kama mashine inajibu, zilijibu. Wakafungua kivinjari, wakapokea ukurasa mweupe wenye namba 503.

Namba hiyo, kwa HAProxy, maana yake ni moja: nimepokea ombi lako, lakini sina seva hata moja iliyo hai ya kulipeleka. Wakaenda kwenye seva za nyuma, wakazikuta zote zinafanya kazi. Wakaanzisha upya HAProxy. Wakaanzisha upya seva. Wakafungua faili la usanidi na kulilinganisha mstari kwa mstari na la mwenzake, yalikuwa sawa. Tatizo lilikuwa mahali ambapo hakuna aliyeangalia: poti ya swichi inayokwenda kwa mwenyeji wa pili. VLAN 30 haikuwemo kwenye orodha ya zinazoruhusiwa. Ilikuwa imeanzishwa baadaye, seva za nyuma zilipohamishwa kwenye mtandao wao, na aliyeiongeza aliiongeza upande uliokuwa na kazi. Upande wa pili ukabaki na 10, 20 na 40.

Kinachoniuma katika habari hii ni kwamba kisawazisha mzigo cha akiba kilikuwa kinasema ukweli muda wote. HAProxy inapima afya ya seva za nyuma hata ikiwa haiko zamu. Ukurasa wake wa takwimu ulikuwa mwekundu tangu siku ile VLAN 30 ilipoanzishwa. Lakini ni nani hufungua ukurasa wa takwimu wa akiba? Mfumo wa ufuatiliaji ulikuwa unauliza maswali mawili tu: je, mgeni anajibu pingi, na je, Keepalived inaendesha? Yote mawili yalijibiwa ndiyo, kijani juu ya kijani.

Kwa hiyo dawa ya kwanza niliyonayo ni ya bei nafuu kuliko zote. Leo ukirudi kazini, fungua takwimu za kile cha akiba. Kisha ziingize kwenye Zabbix au mfumo wowote wa ufuatiliaji unaotumia, ili seva ya nyuma ikionekana imekufa kutoka upande wa akiba, simu yako ilie kama inavyolia kwa upande wa zamu. Keepalived nayo ina kipengele cha track_script, kinachokuwezesha kupunguza kipaumbele cha mgeni asiyeziona seva zake. Wa zamu akiwa na 110 na wa akiba 100, hati ya ukaguzi ikishindwa mpunguzie 20. Wa zamu akipoteza VLAN ya nyuma anashuka hadi 90, na mwenzake wa 100 anapokea. Lakini kama wa akiba naye haoni kitu, yuko 80, hawezi kunyang'anya zamu na kuwaletea watu ukurasa mweupe. Hilo linazuia hamisho baya. Halikusaidii mwenyeji akizimwa kabisa, ndiyo maana kengele ya mapema inabaki kuwa muhimu zaidi.

Dawa ya pili ni kuifuata VLAN kwa miguu, hatua kwa hatua, kwa pande zote mbili. Njia ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Fremu inatoka kwa mgeni, inaingia kwenye kadi pepe ya mtandao, inapita kwenye swichi pepe au daraja ndani ya mwenyeji, inatokea kwenye fungu la waya, inaingia poti ya swichi ya chuma, inahitaji VLAN hiyo iwe imeundwa kwenye swichi, inapanda waya wa kwenda swichi ya pili, na huko nako poti zote zinatakiwa ziikubali. Ikikosekana hatua moja tu, fremu inatupwa kimya. Hakuna ujumbe wa kosa kwa mgeni. Yeye anaona kadi yake iko juu, ina kasi yake, na anatuma ARP, yaani maswali ya kutafuta MAC ya mwenye anwani fulani ya IP, ambazo hazijibiwi.

Kwenye swichi za Cisco, amri ninayoipenda kuliko zote ni `show interfaces trunk`. Wengi huiandika, wakaona neno trunking, wakaridhika. Isome mpaka chini. Inatoa mafungu manne. La kwanza linaonyesha poti zipi ni tranki na VLAN asili ya kila moja. La pili ni VLAN zinazoruhusiwa. La tatu ni zile zinazoruhusiwa na ambazo kweli zipo na ziko hai kwenye swichi hii. La nne ni zile ambazo spanning tree, protokali inayozuia fremu kuzunguka bila mwisho kati ya swichi, inazipitisha na hazijapogolewa. Tafuta VLAN 30 kwenye kila fungu. Isipoonekana la pili, haijaruhusiwa kwenye poti. Ikionekana la pili na kupotea la tatu, mtu aliiruhusu lakini hakuiunda kwenye swichi. Ikifika la tatu na kupotea la nne, uliza spanning tree, au uliza kama VTP, protokali ya Cisco ya kusambaza orodha ya VLAN kati ya swichi, imeipogoa. Mahali inapopotea ndipo ugonjwa ulipo, na umeupata bila kugusa kitu.

Na hapohapo kuna mtego ambao ni lazima niutaje kwa sauti. Ukiandika `switchport trunk allowed vlan 30` huongezi VLAN 30. Unafuta orodha nzima na kuacha 30 peke yake. Anayetaka kuongeza anaandika `switchport trunk allowed vlan add 30`. Neno add, herufi tatu, ndilo linalotofautisha kazi ya dakika moja na hospitali nzima kukosa mfumo saa nne asubuhi. Ukiwa umeingia kwenye swichi kupitia tranki hiyohiyo, utajikuta nje na wewe, na dawa itakuwa ni kusafiri hadi ilipo. Kwa mtu wa Sikonge anayetunza kituo kilichoko mbali na barabara ya lami, wakati wa masika, hilo si jambo dogo.

Tukimaliza swichi, tuingie ndani ya mwenyeji. Hapa kuna uamuzi ambao kila fundi anaufanya, wengine bila kujua wameufanya: nani atabandika lebo, mwenyeji au mgeni?

Njia ya kwanza, unampa mgeni kadi pepe moja kwa kila VLAN. Kadi ya kwanza iko VLAN 20, ya pili VLAN 30, na mwenyeji ndiye anayebandika na kubandua lebo. Mgeni hajui habari za VLAN kabisa. Njia ya pili, unampa mgeni kadi moja, unamwachia tranki, na yeye mwenyewe anatengeneza violesura ndani yake kwa amri kama `ip link add link ens18 name ens18.30 type vlan id 30`. Kwenye VMware, mojawapo ya haipavaiza, yaani programu za mwenyeji zinazoendesha mashine pepe, namba ya VLAN ya kundi la poti ndiyo inayoamua: 0 ni bila lebo, 1 hadi 4094 mwenyeji anabandika, na 4095 kwenye swichi ya kawaida maana yake ni mpishe mgeni aone kila kitu.

Mimi msimamo wangu uko wazi. Ukiwa na VLAN tatu au nne, mpe mgeni kadi tatu au nne. Inasomeka kwa macho, anayekuja baada yako ataielewa usiku wa manane bila kukupigia simu, na mgeni aliyevamiwa hawezi kuruka kwenda VLAN ambayo hukumpa. Tranki ndani ya mgeni ina mahali pake: pale VLAN zinapokuwa nyingi, maana mashine pepe ya VMware haipokei zaidi ya kadi 10, au pale ambapo VLAN mpya zinaongezwa mara kwa mara na hutaki kumzima mgeni. Lakini ukiitumia, taja namba. Usimpe zote. Kwenye swichi ya VMware iliyosambazwa, ile moja inayowahudumia wenyeji wengi kwa pamoja, unaweza kuandika 20, 30 na kuishia hapo. Kwenye Proxmox, haipavaiza nyingine, ukiwasha daraja linalotambua VLAN na ukaacha nafasi ya lebo wazi, mgeni anapata tranki yenye VLAN zote ambazo daraja hilo limeruhusiwa, na kawaida hiyo ni 2 hadi 4094. Nimeona wageni wengi wa namna hiyo, na wenye nao walidhani nafasi iliyoachwa wazi maana yake ni hakuna VLAN. Weka `trunks=20;30` kwenye kadi yake na mlango umefungwa.

Kwa nini nalikazania hili? Kwa sababu kisawazisha mzigo ndiye mgeni anayeguswa na mtandao wa nje kuliko wote. Ndiye aliye dirishani. Akivamiwa huku ana tranki ya VLAN zote, mvamizi anaiona hifadhidata, anaona usimamizi wa swichi, anaona kamera. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na ukiniuliza mimi, namba mbili zilizoandikwa kwenye kadi ya mgeni ni sehemu ya ulinzi huo sawa na nywila.

Wenye F5 niwaambie neno lenu, kwa sababu linaleta mkanganyiko wa kweli baina ya mafundi wawili walio kwenye simu moja. Kwenye F5, tranki ni waya kadhaa zilizofungwa kuwa njia moja. Kwenye Cisco kitu hicho ni port-channel, na tranki ni poti inayobeba VLAN nyingi. Mtu wa swichi akikuambia tranki iko tayari, muulize iko tayari kwa maana ipi: fungu limeungana, au lebo zinapita? Unahitaji vyote viwili. Na ukitumia wageni wa vCMP, yaani mashine pepe ndani ya kifaa cha F5 chenyewe, tranki na VLAN vinatengenezwa kwa mwenyeji, kisha VLAN anapewa mgeni. Kwa hiyo VLAN ikikosekana ndani ya mgeni, jambo la kwanza ni kwenda kuangalia kama mwenyeji wake, kila mwenyeji, amempa.

Mafungu ya waya nitayapitia haraka. LACP, protokali ya kufunga waya kadhaa kuwa njia moja, ilizaliwa kama IEEE 802.3ad mwaka 2000, ikahamishiwa 802.1AX mwaka 2008. Jina la zamani ndilo mtakaloliona kwenye Linux. Tumia LACP kila inapowezekana badala ya fungu la kulazimisha, kwa sababu pande mbili zinaongea na waya uliochomekwa pasipo huachwa nje. Swichi ya kawaida ya VMware haina LACP; inayo ile iliyosambazwa tu. Kwenye ya kawaida acha mpangilio wake wa kugawa kwa poti pepe, na upande wa swichi ya chuma usifunge fungu lolote. Waya mbili za gigabiti 1 hazimpi mtumiaji mmoja gigabiti 2, maana mazungumzo mamoja hupita waya mmoja. Na orodha ya VLAN iandike kwenye port-channel yenyewe, si kwenye poti mojamoja, la sivyo poti yenye orodha tofauti itasimamishwa na utabaki unashangaa kwa nini fungu lina waya mmoja.

Poti zinazokwenda kwa wenyeji ziwekewe `spanning-tree portfast trunk`. Bila hivyo, kwa spanning tree ya zamani, waya ukirudi unangoja sekunde 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza. Nusu dakika hiyo taa ziko juu na hakuna kinachopita, na Keepalived ndani ya mgeni aliyeamka mapema haimsikii mwenzake, inajitangaza kuwa iko zamu.

Hapo nimefika kwenye zamu yenyewe, na hapa naomba tukae kidogo.

VRRP ni protokali rahisi. Aliye zamu anatangaza kila sekunde 1, kwa anwani ya kundi 224.0.0.18, kwa protokali namba 112. Wa akiba asiposikia kwa muda wa matangazo matatu na kidogo juu yake, anapokea. Hicho kidogo kinatokana na kipaumbele chake: 256 toa kipaumbele, gawanya kwa 256. Mwenye 100 anangoja takriban sekunde 3.6. Sasa fikirini: kinachomfanya aamini mwenzake amekufa ni ukimya tu. Hajui kama mwenzake amezimika au VLAN imekatika katikati yao. Mkiondoa VLAN 20 kwenye waya unaounganisha swichi mbili, wote wawili watakuwa zamu, wote watatangaza anwani ileile, na watu watapata huduma leo na kuikosa baada ya dakika mbili kutegemea ARP ya nani imefika mwisho. Malalamiko ya namna hiyo, ya mfumo kuja na kuondoka, ndiyo yanayopoteza siku nzima ya kazi.

Ukiyasikia, angalia mambo haya kabla ya kugusa HAProxy. Je, fayawoli ndani ya mgeni inaruhusu protokali 112? Wengi hufungua poti 80 na 443 na kuisahau hiyo, ambayo haina poti kabisa. Je, kuna jozi nyingine ya Keepalived kwenye VLAN hiyohiyo yenye namba ileile? Mfano wa usanidi unaozunguka kila mahali una `virtual_router_id 51`, na kila anayenakili anaondoka na 51 yake. Jozi mbili tofauti zenye 51 kwenye VLAN moja zitagombana. Ipe kila jozi namba yake na uiandike ukutani. Na kama umewasha anwani pepe ya MAC, ile inayoanza na 00-00-5E-00-01 na kuishia na namba ya jozi, je, haipavaiza inamruhusu mgeni kutuma fremu zenye MAC ambayo si yake ya kuzaliwa? VMware ina kipengele cha kukataa fremu za namna hiyo, na kikiwa kinakataa, mgeni wako atachukua zamu bila mtu yeyote kumsikia. Usipotumia MAC pepe, Keepalived hutuma ARP ya kujitangaza wakati wa kupokea zamu, na swichi na lango hujirekebisha. Kwa ofisi zetu nyingi hiyo inatosha na ni rahisi zaidi kuisimamia.

Jambo la VLAN asili nalo. Ichague namba isiyotumika na chochote, tuseme 999, iweke hiyo pande zote mbili za kila tranki, na usipitishe humo kazi yoyote. Upande mmoja ukiwa na 1 na mwingine 999, fremu zisizo na lebo zinavuka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Zima pia majadiliano ya tranki kwa `switchport nonegotiate`, ili poti iwe ile uliyoamua iwe.

Na umeme. Ndugu zangu, baada ya kila badiliko, hifadhi. Swichi inafanya kazi kwa usanidi ulioko kwenye kumbukumbu inayofutika, na umeme ukikatika kuliko UPS inavyoweza kuvumilia, inarudi na ule wa zamani. Ipo VLAN iliyoongezwa Machi na kufanya kazi hadi Julai, kisha ikatoweka usiku mmoja baada ya umeme kukatika, na asubuhi kila mtu anaapa kwamba hakuna aliyegusa kitu. Wanasema kweli. Hakuna aliyegusa, na hakuna aliyeandika `copy running-config startup-config`. Kwenye Linux ni vilevile: VLAN uliyoiongeza kwa `bridge vlan add` au `ip link` haiishi baada ya kuwasha upya mpaka iandikwe kwenye faili la usanidi wa mtandao.

Ukitaka ushahidi wa macho kuhusu fremu inaishia wapi, tumia `tcpdump -e -nn -i bond0 vlan 30` kwa mwenyeji, ambapo bond0 ni jina la fungu lake la waya, huku mgeni wake anapiga `arping` kwa seva ya nyuma. Herufi e ndiyo inayokuonyesha lebo. Ukiona ombi linatoka na jibu halirudi, upande wa mwenyeji umemaliza kazi yake, nenda kwenye swichi. Usipoona hata ombi, fremu imefia ndani ya mwenyeji, angalia `bridge vlan show`. Kwa hatua hizo mbili unajua mlango gani wa kugonga kabla hujampigia mtu simu.

Halafu msiwaache wageni wote wawili wakalala kwa mwenyeji mmoja. Haipavaiza inayohamisha mashine pepe yenyewe inaweza kuwakusanya baada ya matengenezo bila kukuuliza. Weka kanuni ya kuwatenganisha. Na kumbuka kwamba mgeni anayeweza kuhamia kwa mwenyeji wa tatu anahitaji VLAN zake zote ziwe zimemtangulia kwa huyo wa tatu.

Mwisho ni zoezi. Kila mwezi, asubuhi ya siku ya kazi mkiwa ofisini na akili zimetulia, hamisheni zamu kwa makusudi. Waambieni wakuu wa idara mapema. Msiishie kwenye pingi. Mtu wa mapokezi afungue faili la mgonjwa, mhasibu atoe namba ya malipo, kisha acheni huduma iendeshwe na yule aliyekuwa akiba mpaka zoezi la mwezi ujao. Wapo wakuu watakaokataa wakisema mnahatarisha huduma. Waulizeni wangependa kasoro ionekane Jumanne saa tatu mnapokuwa wote mpo, au usiku wa sikukuu ambapo fundi mmoja yuko Urambo kwenye msiba na mwingine yuko safarini.

Kwenye meza ile ya dirishani tumeweka wenyeji wawili na swichi mbili. Kwenye mojawapo ya tranki kuna VLAN inayokosekana, na sitasema ni ipi wala iko upande gani. Nazima mwenyeji wa kwanza sasa hivi. Wenzetu wa Nzega waanze, wengine wasimame nyuma yao waone skrini, na kabla hamjagusa HAProxy, nionyesheni fungu la tatu la `show interfaces trunk` linasema nini.